Milioni tatu ndani ya kiboksi cha viatu: kadi za wachezaji ni akiba?

Kuna fundi simu mmoja pale Makoroboi, hapa Mwanza, ambaye akiba yake haipo benki, haipo kwenye kikoba, wala hajanunua kiwanja Buswelu kama wenzake. Ipo kwenye kiboksi cha viatu: kadi za wachezaji wa kikapu na wa mpira wa miguu, kila moja ndani ya plastiki yake ngumu. Kwa hesabu zake mwenyewe zina thamani ya kama milioni tatu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kila alichojiwekea. Wenzake wamegawanyika. Wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaomwomba awaonyeshe njia. Mimi nilipoulizwa nilijibu kwamba inategemea. Jibu hilo halikumridhisha mtu, kwa hiyo acha nilifafanue.

Kwa asiyezijua, hizi ni picha za wachezaji zilizochapwa kwenye karatasi ngumu. Zilianza Marekani kama kivutio ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikahamia kwenye bigijii. Italia nako, kampuni ya Panini ilianzishwa Modena mwaka 1961, na kitabu chake cha kwanza cha kubandika stika za Kombe la Dunia kilitoka kwa ajili ya fainali za Mexico 1970. Siku hizi kadi zenye thamani ni zile zilizotolewa chache, zenye saini ya mchezaji au kipande cha jezi yake, au zile za mwaka wa kwanza wa mchezaji ambaye baadaye alikuja kuwa nyota. Kampuni kama PSA hupokea kadi, huichunguza kona zake na uso wake, kisha huipa daraja kuanzia 1 hadi 10. Kutoka daraja 8 hadi 10 bei inaweza kuruka mara nyingi sana, ingawa macho yangu na yako hayaoni tofauti yoyote.

Anayetetea kadi huanza na bei za juu, na bei hizo ni za kweli. Agosti 2022 kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Mwaka huohuo kadi ya Pelé kijana, iliyotolewa Sweden mwaka 1958, ilifika dola milioni 1.33. Agosti 2025 kadi moja yenye saini za nyota wa kikapu Michael Jordan na Kobe Bryant ilipita zote kwa karibu dola milioni 12.9.

Tuichukue hiyo ya Mantle tuipigie hesabu, maana mmiliki aliyeiuza aliinunua kwa dola 50,000 mwaka 1991. Miaka 31 baadaye ikawa imezaa mara 252. Ukiigawa faida hiyo kwa mwaka unapata kama asilimia 19 na nusu. Ni nyingi. Lakini hatifungani ya serikali yetu ya miaka 20, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ilikuwa ikilipa asilimia 15.49 kwa mwaka kabla Benki Kuu haijashusha viwango Aprili 2022, unaingia na milioni moja tu, na riba unaipokea kila baada ya miezi sita. Atakayenikosoa atasema ile ni dola na hii ni shilingi, na shilingi ya 1991 si ya leo. Ana haki. Ukiigeuza faida ya Mantle kuwa shilingi inapanda zaidi, na kwa mtu wa hapa kushika mali yenye bei ya dola ni hoja nzito ambayo wapinzani wa kadi huipuuza. Ila tusisahau tunachokilinganisha: upande mmoja ni kadi moja bora kuliko karibu zote duniani, iliyochaguliwa baada ya matokeo kujulikana, na upande wa pili ni karatasi ya serikali ambayo mwalimu wa shule ya msingi Nyakato angeweza kuinunua bila kujua chochote kuhusu besiboli.

Tena kuna sababu ya Mantle kuwa adimu. Mwaka 1952 hakuna aliyeihesabu kuwa mali. Watoto walizichezea, akina mama walizitupa, na kampuni ya Topps yenyewe iliyozichapa, kwa maelezo ya mtu aliyezibuni, mwaka 1960 ilipakia kwenye mashua maboksi yasiyouzika ikayamwaga katika Bahari ya Atlantiki. Zilizobaki zikawa lulu. Wamarekani walipoona hivyo wakajifunza somo kinyume: kuanzia miaka ya mwisho ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990 wazazi walinunua kadi kwa maboksi wakayafungia darini, eti yatawasomesha watoto chuo kikuu. Viwanda navyo vikachapa kwa mamilioni. Kadi za kipindi kile leo nyingi hazifiki hata bei ya bando la wiki. Kitu ambacho kila mtu anakitunza hakiwezi kuwa adimu, na anayenunua leo kwa nia ya kutunza hayuko peke yake.

Korona iliurudisha wazimu ule. Watu walikuwa ndani, wana pesa ya msaada wa serikali, wanaangalia filamu za zamani za mpira wa kikapu. Mwishoni mwa Januari 2021 kadi ya Jordan ya kampuni ya Fleer ya mwaka 1986, daraja 10, iliuzwa kwa dola 738,000. Mei, maduka ya Target yakasitisha kuuza kadi baada ya wateja kugombana kwenye maegesho huko Wisconsin hadi mmoja akatoa bastola. Kabla mwaka haujaisha kadi ileile ya Jordan ilikuwa ikipatikana kwa chini ya nusu. Waliouza Januari ni matajiri. Walionunua Januari bado wanasubiri.

Na mfano ulio karibu nasi zaidi ni Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Juni 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, timu ya Memphis ilimchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. James Harden alichukuliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kwa uzalendo tu, Mtanzania mwenye dola mkononi siku ile angenunua Thabeet, na nani angemlaumu? Wataalamu wa Memphis wenye mishahara na kanda za video walifanya hivyohivyo. Julai 2021 kadi ya kipekee ya Curry ya msimu ule wa kwanza, yenye saini, iliuzwa kwa dola milioni 5.9. Za Thabeet zinapatikana kwa dola chache. Zote ni karatasi, zote za mwaka mmoja. Kilichozitofautisha ni magoti, makocha na bahati ya watu wawili ambao mnunuzi hakuwa na uwezo wowote juu yao.

Hadi hapo Mmarekani na mtu wa Mwanza wako sawa. Wanaachana kwenye kutoka, yaani siku ya kuuza.

Tuseme fundi wetu ananunua kadi ya dola 100. Usafirishaji, tuseme dola 20. Ikifika, VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni kama dola 22 nyingine, hapo hatujagusa ushuru wa forodha. Kadi ya dola 100 imeshamgharimu 142. Baada ya mwaka anataka kuiuza. Hapa mjini mnunuzi hayupo, kwa hiyo inarudi ilikotoka: dola 20 nyingine za kuituma, na eBay, soko la mtandaoni, inakata karibu asilimia 13 ya bei. Ili arudishe tu pesa yake, bila faida ya shilingi moja, kadi lazima iuzwe kwa kama dola 186. Yaani ipande kwa asilimia 86 ndipo awe amerudi alipoanzia. Jamaa wa New Jersey mwenye kadi hiyohiyo anaweza kuipeleka kwenye onyesho la kadi Jumamosi akarudi na noti mfukoni.

Nimejibiwa kwamba siku hizi kadi inaweza kukaa hukohuko, kwenye ghala la kampuni linalolindwa, ukanunua na kuuza kwa simu bila karatasi yenyewe kugusa uwanja wa ndege. Ni kweli, na inafuta gharama nyingi katika hesabu yangu. Lakini ukifika hapo umekuwa na namba kwenye skrini kama mwenye vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, tofauti ikiwa kwamba vipande vya mfuko wa ukwasi unavigeuza kuwa pesa ndani ya siku chache za kazi kwa bei iliyotangazwa, na kadi inasubiri ajitokeze mtu anayeitaka. Na utamu wa kuishika unakuwa umeuacha Marekani.

Wanaomtetea fundi wana hoja nyingine ninayoiheshimu. Wanasema: mbona Msukuma wa Misungwi anafunga akiba yote kwenye ng'ombe na hamumwiti mwehu? Ng'ombe naye anaibiwa, anaugua, ukame unamkondesha. Sawa. Ila ng'ombe anazaa na anakamuliwa, na siku ya mnada muuzaji, jirani na mchinjaji wote wanajua bei yake kwa kumwangalia mbavu. Mtoto akirudishwa shule kwa ada, wiki hiyohiyo ng'ombe anakuwa ada. Kadi haizai, na hapa mjini anayejua bei yake ni mwenye kadi na rafiki zake, ambao nao wanauza.

Hoja ya tatu ndiyo inayonipa shida, kwa sababu inahusu vijana walivyo na si wanavyopaswa kuwa. Fundi huyu zamani alikuwa mtu wa mikeka ya kubeti. Kila Jumamosi elfu kumi, elfu ishirini, na jioni karatasi inatupwa. Leo elfu ishirini ileile inanunua kitu kinachobaki. Hata kadi ikishuka nusu, amebaki na nusu, wakati mkeka uliochanika haukumbakizia kitu. Na ugumu wa kuziuza, ambao mimi nauhesabu kama kasoro, kwake umekuwa ulinzi: pesa iliyo kwenye simu inaisha kwa marafiki na wajomba, iliyo kwenye kadi haikopesheki. Sina jibu la kuivunja hoja hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kikoba kinafanya kazi ileile ya kukufungia pesa, tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi hivyo vinatambulika na kusajiliwa, na mwisho wa mzunguko unarudishiwa hisa zako pamoja na faida bila kumtafuta mnunuzi Marekani.

Lakini hoja hiyo inamlinda anayenunua kadi anayoijua, kwa jina, kwa daraja, kwa bei iliyouzwa mwezi uliopita. Haimlindi anayenunua pakiti iliyofungwa akitumaini kuna nyota ndani. Siku hizi kuna hata wanaolipia nafasi kwenye boksi linalofunguliwa mubashara mtandaoni: unalipia timu moja, ukipata kadi kubwa ni yako, ukikosa umekosa. Huo ni mkeka uliobadilishwa shati. Wauzaji hawauiti hivyo, na wanunuzi wanakasirika ukiuita hivyo, ila pesa inatoka mfukoni kwa njia ileile.

Kuna mambo madogo ambayo nayo yanakula thamani. Chumba cha kupanga Kirumba au Igogo, karibu na ziwa, kina unyevu, kina mende, na mvua za masika paa likivuja huwa halichagui. Kona ikilainika kidogo tu, daraja 10 inakuwa 8. Halafu kuna familia. Niliwahi kumuuliza fundi kama mke wake anajua ipi ni ya elfu tano na ipi ni ya laki nne. Alicheka. Ng'ombe wa marehemu wanahesabiwa na ukoo mzima kabla matanga hayajaisha. Kadi za marehemu wangepewa watoto wachezee. Kama umefunga hata laki tano humo, andika orodha yenye bei, na mwambie mtu ilipo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni upi? Mwenye akiba ya milioni tano, laki tano kwenye kadi sioni ubaya, hasa kama ni pesa ambayo ingeishia kwenye mikeka au bia za Jumapili. Milioni tatu kati ya tano naona ubaya, hata kama zote ni Curry. Sisemi hivyo kwa kudhani kadi zitashuka. Sijui mwakani zitauzwaje, na anayedai anajua ana kadi za kuuza. Nasema hivyo kwa sababu ya kodi ya nyumba, ada na hospitali, vitu ambavyo hapa vinakuja kwa wiki, ilhali kadi inauzwa kwa miezi. Kwanza pesa ya miezi mitatu iwe mahali unapoifikia, kisha chochote kinacholipa riba, halafu ndiyo kiboksi.

Hesabu hii ingebadilika kama soko lingekuwa hapa. Pamba Jiji, klabu ya mpira ya hapa Mwanza, ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka zaidi ya ishirini nje, na wazee wa Mwanza wanaokumbuka TP Lindanda, kama Pamba ilivyoitwa, wapo wengi. Klabu ikichapa kadi mia tano tu za kikosi kile, zenye namba na saini, zikauzwa getini uwanja wa CCM Kirumba, mnunuzi wa pili angekuwa amekaa jukwaani viti vitatu kutoka kwako, na ile asilimia 86 yote ingefutika. Hapo ningemruhusu fundi aongeze, na pengine na mimi ningechukua yangu moja.