Miaka ya Hewa Bora: Kuupima Upinzani wa PRP katika Milima ya Fizi

Mwaka 1967, uasi wa Simba, uliolipuka mashariki mwa Kongo mwaka 1964, ulipokuwa umekwisha kuvunjwa nguvu na jeshi la Kongo likisaidiwa na mamluki wa Kizungu, Wabelgiji na Wamarekani, kundi dogo la watu waliokataa kukubali kwamba wameshindwa lilijichimbia katika milima ya Fizi, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, na kuunda chama cha mapinduzi kilichojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, PRP. Kiongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Kwa takriban miaka ishirini walishikilia sehemu ya milima hiyo, makao yao makuu wakiyaita Hewa Bora, wakijitambulisha kuwa wafuasi wa Marx na Mao, huku Mobutu akiitawala nchi iliyobaki. Wapo wanaoukumbuka msitu ule kuwa mahali pekee ambapo upinzani wa silaha dhidi ya Mobutu haukuzimika, na wapo wanaosema kwamba baada ya miaka michache ulikuwa umegeuka milki ya mtu mmoja na makamanda wake. Kila upande una ushahidi, na ndiyo maana hukumu ya haraka haitufai.

Tuanze na sababu zilizowapeleka watu msituni, kwa kuwa bila hizo hatuwezi kuwatendea haki. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Januari 1961, na wafuasi wake wakafukuzwa madarakani mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1964 Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa Lumumba, aliwasha moto wa uasi Kwilu, magharibi mwa nchi, na miezi michache baadaye Uvira na Fizi zikalipuka chini ya wajumbe wa Baraza la Taifa la Ukombozi, chombo cha wafuasi wa Lumumba waliokuwa uhamishoni, akiwamo Gaston Soumialot. Wengi waliobeba mikuki na kunyunyiziwa “mai Mulele”, wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji, walikuwa wakulima na vijana ambao uhuru wa 1960 ulikuwa haujawapa chochote. Agosti mwaka huo Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ikaanguka mikononi mwao. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji, waliobebwa na ndege za Kimarekani, wakautwaa mji huo, na mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu akachukua dola.

Upande wa Fizi ulikuwa umepata msaada usio wa kawaida. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, kambi ya waasi upande wa Kongo, akifuatwa na Wacuba zaidi ya mia moja waliopewa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Víctor Dreke akiwa Moja, José María Martínez Tamayo akiwa Mbili, na Guevara mwenyewe akiwa Tatu. Shambulio la Front de Force, kwenye kituo cha umeme cha Bendera, mwishoni mwa Juni, lilishindwa na Wacuba wanne wakapoteza maisha. Novemba wakaondoka, baada ya Tanzania kuwajulisha kwamba hali ya kisiasa imebadilika na msaada huo hauna budi kukoma. Guevara aliandika waziwazi kwamba kazi yao ilikuwa historia ya kushindwa. Kuhusu Kabila, alimwona kuwa na sifa za kuongoza umati, lakini akamlaumu kwa kukosa nidhamu na kwa kuishi mbali na uwanja wa vita. Katika miezi ile yote, Kabila alifika kambini kwa siku chache tu za Julai.

Ushahidi huu hutajwa mara nyingi kana kwamba umemaliza mjadala, nami nadhani unabebeshwa mzigo kuliko unavyoweza kuhimili. Guevara alikaa Kongo miezi saba, hakuwa na Kiswahili cha kutosha, na alichokieleza ni hali ya 1965, kabla PRP haijazaliwa. Tena, mengi aliyoyalaumu Guevara, PRP yenyewe ilikuja kuyakiri. Mafunzo ya chama yalihesabu makosa saba ya uasi uliotangulia, miongoni mwayo kupigana bila chama kinachoongoza, kukosa elimu ya siasa, na kutegemea msaada wa nje kuliko nguvu ya wananchi wenyewe. Watu walioweza kujichambua hivyo hawakuwa majambazi waliojificha tu. Walikuwa na nia ya kuanza upya, na kwa miaka ya mwanzo nia hiyo ilionekana katika shule, zahanati na mashamba ya pamoja yaliyoanzishwa katika maeneo yao.

Hoja nzito zaidi ya wanaoutetea upinzani huo ni kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwaka uleule wa 1967 Mobutu aliunda chama chake, MPR, ambacho baadaye kikawa chama pekee cha siasa nchini. Mwaka 1968 Mulele, aliyekuwa amekimbilia Brazzaville, alirudi Kinshasa baada ya kuahidiwa msamaha, akauawa kikatili mwezi Oktoba. Kwa mpiganaji aliyekuwa mlimani Fizi habari hiyo ilikuwa na maana moja tu: anayeshuka hufa. Anayewauliza watu wale kwa nini hawakuweka silaha chini na kufanya siasa za amani anapaswa kwanza kueleza ni siasa gani hizo, na zingefanyika wapi.

Hata hivyo, kukosa njia nyingine hakuhalalishi kila kilichofanyika kwenye njia iliyobaki. Kadiri miaka ilivyokwenda, uchumi wa msitu ulihama kutoka jembe hadi dhahabu na pembe za ndovu, ambazo zilivushwa ziwa kwa magendo. Chama kilichokuwa kimelaumu uongozi wa mbali kikawa na kiongozi ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa Dar es Salaam. Wakulima walitozwa mazao na kazi na watu waliosema wanawakomboa, na jeshi la Mobutu lilipopita liliwatesa kwa sababu ya mchango uleule waliotozwa.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 wapiganaji wa PRP wapatao arobaini wenye silaha walivuka ziwa kwa mashua na kuingia Gombe, kaskazini mwa Kigoma, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall, wakateka watu wanne, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi. Walidai fedha, silaha, na kufunguliwa kwa wenzao waliokuwa wameshikiliwa Tanzania. Mateka wote hatimaye waliachiwa wakiwa hai, baada ya fidia kulipwa. Wapo wanaolitetea tukio hilo kwa kusema kwamba ndilo lililoufanya ulimwengu ujue kwamba kuna vita Fizi. Ni kweli ulimwengu ulijua, lakini ulichojua ni utekaji wa wanafunzi. Mateso ya wakulima wa Kibembe, wenyeji wa Fizi, hayakuandikwa. Na waliokasirishwa zaidi ni Watanzania, majirani ambao ardhi yao ilikuwa pumzi ya harakati yenyewe. Kwa chama kilichodai kuweka siasa mbele ya bunduki, hilo lilikuwa kosa la kisiasa kuliko yote.

Kosa la pili halizungumzwi vya kutosha. Tangu miaka ya uasi, wapiganaji walipopungukiwa chakula waliwageukia Banyamulenge, wafugaji wa Kitutsi wa nyanda za juu za Itombwe jirani na Fizi, na kuwanyang'anya ng'ombe. Banyamulenge wengi, ambao mwanzoni hawakuwa na sababu ya kuipenda serikali, wakaishia kushirikiana na jeshi lake ili kulinda mifugo yao. Hivyo vita iliyotangazwa kuwa ya matabaka, ya wanyonge dhidi ya wanyonyaji, ikachora mpaka wa kikabila kati ya mkulima na mfugaji, na mpaka huo unaendelea kumwaga damu milimani humo hadi leo. Siwezi kumtwisha Kabila peke yake lawama hii. Njaa ya mpiganaji haina itikadi, na chuki za ardhi zilikuwapo kabla yake. Lakini chama kilichokuwa na makosa saba kwenye orodha yake kilipaswa kuliona hili na kuliongeza kuwa la nane.

Lipo pia suala la jiografia, ambalo kwa maoni yangu linaeleza mengi kuliko tabia ya mtu mmoja. Itombwe ina vilele vinavyozidi mita 3,000, msitu mnene, na ziwa upande wa mashariki lenye nchi nyingine ng'ambo. Jeshi la Mobutu halikuweza kuyasafisha maeneo yale bila gharama kubwa, na kwa kuwa waasi hawakuitishia Kinshasa, lilitosheka kuwazingira. Mao alifundisha kwamba mpiganaji aishi ndani ya umma kama samaki ndani ya maji. Fizi ilimpa mpiganaji maficho ambayo hayakumlazimu kumbembeleza mwananchi: hata mwanakijiji akichukia, mlima ulimficha, na dhahabu ikanunua risasi. Kudumu miaka ishirini, ambako watetezi hukutaja kama ushahidi wa kuungwa mkono, kunaweza kuwa ushahidi wa ubora wa maficho tu. PRP ilipojaribu kutoka nje ya ngome hiyo, ikaushambulia mji wa Moba mnamo Novemba 1984 na tena Juni 1985, haikuweza kuushikilia, wala nchi haikuinuka kuiunga mkono. Miaka michache baadaye milki ya Hewa Bora ilikuwa imesambaratika.

Watetezi watajibu kwamba mwisho wa hadithi uliwapa haki, kwa kuwa tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilianguka na Kabila akawa rais. Jibu hilo nalipokea nusu. AFDL, muungano wa waasi uliomwondoa Mobutu na uliotangazwa Lemera, mashariki mwa Kongo, Oktoba 1996, uliundwa na makundi manne, na PRP ilileta jina, kumbukumbu, na Mkongomani aliyekuwa hajawahi kupatana na Mobutu. Hayo hayakuwa madogo, kwani bila hayo vita ile ingeonekana wazi kuwa ni ya majirani. Nguvu ya kijeshi, hata hivyo, ilitoka Rwanda na Uganda, na miongoni mwa askari wa kwanza walikuwamo vijana wa Kinyamulenge, wana wa wafugaji walewale walionyang'anywa ng'ombe. Kile ambacho makosa saba yalikionya, kutegemea nguvu za nje, ndicho kilichomfikisha Kabila ikulu. Nao Wabembe wa Fizi, waliowalisha wapiganaji kwa mihogo na samaki miaka yote ile, katika miezi ileile ya mwisho wa 1996 walikuwa wakivuka ziwa kwa mitumbwi kuikimbia vita hiyo, wakaandikishwa kuwa wakimbizi Nyarugusu, mkoani Kigoma.