Hoyle alikosea, lakini si mwaka 1948

Katika masimulizi mengi ya Mlipuko Mkuu, nadharia kwamba ulimwengu ulianza kwa joto kali na msongamano, mwanafizikia wa anga Mwingereza Fred Hoyle ni mzee mbishi aliyefumba macho mbele ya ushahidi. Yeye, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa nadharia ya Hali Thabiti mwaka 1948: ulimwengu hauna mwanzo, unatanuka daima, na nafasi inayoachwa na galaksi zinazoachana hujazwa na maada mpya, hivyo sura yake haibadiliki. Walishindwa, na walishindwa kwa haki. Lakini kwa ushahidi uliokuwapo mwaka ule, wao ndio waliokuwa na hoja nzito zaidi.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kwamba galaksi iliyo mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi, takriban kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kila miaka nuru milioni 3.26. Ili kukadiria umri wa ulimwengu, gawanya 978 kwa namba hiyo. Jibu ni mabilioni ya miaka. Hapa unapata chini kidogo ya bilioni 2. Tena bado hujahesabu mvutano: galaksi zikivutana, mtanuko ulikuwa wa kasi zaidi zamani, na katika modeli iliyotumika sana umri hushuka hadi theluthi mbili, bilioni 1.3. Wakati huohuo wanajiolojia, kwa kupima urani na risasi ndani ya miamba, walikuwa wakiipa Dunia miaka bilioni 3 na ushei. Mtoto kamzidi mama umri.

Padri Mbelgiji Georges Lemaître, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba kila kitu kilitokana na atomu moja ya mwanzo, alijinasua kwa kutumia kipengele cha msukumo kinachorefusha umri, ambacho Einstein alikiingiza kwenye milinganyo yake mwaka 1917 kisha akakitupa. Kihesabu hakukuwa na kosa. Kwa wengi kilionekana kiraka. Hali Thabiti haikuhitaji kiraka, kwani kisicho na mwanzo hakiulizwi umri.

Wapinzani walicheka maada kutokea patupu. Kiwango chenyewe, ukitumia vipimo vya leo, ni kama atomu moja ya haidrojeni katika mita moja ya ujazo kwa kila miaka bilioni moja. Hakuna maabara ingeweza kukikanusha. Na ukipima haki kwa haki, upande wa pili ulikuwa na maada hiyohiyo, ila yote kwa mkupuo. Hoyle ndiye aliyeuita mkupuo huo Mlipuko Mkuu, redioni BBC, Machi 1949. (Dini nayo ilijitokeza: mwaka 1951 Papa Pius XII aliuhusisha mwanzo huo na uumbaji, na asiyefurahia zaidi alikuwa Lemaître, padri mwenyewe.)

Kuhusu elementi, matokeo ni ngoma droo. Wanafizikia George Gamow na Ralph Alpher walidai mwaka 1948 kwamba zote zilipikwa katika joto la mwanzo. Mapishi yaligoma mapema: hakuna kiini imara chenye chembe 5 wala 8, kwa hiyo ukishapata heliamu huna ngazi ya kupandia. Hoyle, asiye na mwanzo wenye joto, ilimlazimu atafute jiko jingine, akalipata ndani ya nyota. Alitabiri kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na hali ya nishati ya karibu mega-elektrovolti 7.7 (kipimo cha nishati ya viini), la sivyo kaboni isingetosha. Wapimaji wa chuo cha Caltech, Marekani, wakaikuta mwaka 1953. Wanaomtupa Hoyle jongoo na mti wake wasisahau kwamba kaboni na chuma vya Mlipuko Mkuu wa leo vinatoka kwenye jiko lake.

Heliamu ndiyo iliyomgeukia. Ni karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida ulimwenguni, na nyota haziwezi kuzalisha kiasi hicho; joto la mwanzo linaweza. Mmoja wa walioliweka wazi hilo mwaka 1964 ni Hoyle mwenyewe, pamoja na Roger Tayler.

Kufikia hapo hoja ya umri ilikuwa imeshakauka. Walter Baade aligundua kwamba nyota za kupimia umbali ni za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Mwaka 1952 umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu. Allan Sandage akaona kwamba baadhi ya “nyota angavu” za Hubble zilikuwa mawingu ya gesi, na mwaka 1958 akashusha kasi hadi kama 75. Gawanya tena: bilioni 13.

Pigo la redio halikuwa safi kama linavyosimuliwa. Mwanaastronomia Martin Ryle alihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani. Vikiwa vimesambaa sawasawa, ukipima vyanzo hafifu mara 4 idadi iongezeke mara 8. Hali Thabiti ilitaka chini ya hapo. Orodha yake ya mwaka 1955 ilitoa mara 64! Hapo Hoyle alikuwa sahihi kuitilia shaka, maana antena ilikuwa ikiunganisha vyanzo kadhaa hafifu na kuvisoma kama kimoja. Vipimo bora vya mwaka 1961 vilitoa kama mara 12, pungufu sana, lakini bado zaidi ya 8, yaani zamani vyanzo vilikuwa vingi zaidi na sura ya ulimwengu imebadilika.

Kisha mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson wakatangaza mnururisho wa takriban nyuzi 3.5 za Kelvini kutoka kila upande wa anga, masalia ya joto la mwanzo. Alpher na Robert Herman walishakadiria 5 tangu 1948. Tangu hapo utetezi wa Hoyle ulikuwa viraka tu, hadi vumbi la sindano za chuma lililodaiwa kuugeuza mwanga wa nyota kuwa mnururisho huo. Vumbi hilo halielezi kwa nini wingu la gesi la kale, lililopimwa mwaka 2000, linaonyesha mnururisho wa nyuzi kati ya 6 na 14, wakati Mlipuko Mkuu ulidai 9.

Leo vipimo viwili vya mtanuko, 67 na 73, havipatani, na wapo wanaotangaza kwamba mwanzo umekufa tena. Tofauti hiyo ni asilimia 9. Kosa la Hubble lilikuwa mara 7. Anayetaka kuufufua ulimwengu usio na mwanzo asianzie hapo. Alete wingu moja la gesi lenye heliamu pungufu kabisa ya robo ile.