Shule juu ya lava: kwa nini mazingira ya Goma si maua

Ukitaja "shule ya mazingira", yaani shule inayojengwa kwa kufuata mazingira yake, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, watu hucheka. Wanaona miti iliyopangwa mstari na picha za mfadhili. Wanaocheka wana hoja. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mzazi ambaye mwanawe anakaa chini anataka bati na dawati, basi. Darasa la mbao linajengwa kwa siku chache tu. Kiwanja kikigombaniwa unang'oa mbao, unazipakia kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, unaondoka. Ukuta wa jiwe utaupakia wapi? Tena Nyiragongo, volkano iliyo jirani nasi, alilipuka 1977, 2002 na 2021, na lava haiulizi nyumba ni ya mbao au ya jiwe.

Hoja hiyo siibezi. Kosa lake ni kudhani mazingira ni urembo. Hapa kwetu mazingira ni mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito, hutuama penye mabonde, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima anaweza kupita kichwa kikiwa juu yake. Mtoto anayeinama kuokota mpira yuko ndani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukuta ni wa nini, uliza uwanja wa michezo uko kwenye shimo au kwenye mwinuko. Kuuliza hivyo hakugharimu kitu.

Halafu paa. Jengo la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Kila milimita ya mvua ni lita 160, na mvua ya milimita 20 ni lita 3,200, yaani bidoni 160 za lita ishirini. Hebu zihesabu hizo bidoni za njano, uzipange uwanjani, kisha uwakumbuke watoto wanaopandisha maji kutoka ziwani kabla ya kengele. Maji hayo leo yanamwagika na kutoboa matundu chini ya ukingo wa bati.

Mpinzani atasema moshi wa volkano hutia floridi kwenye mvua. Ni kweli, na meno yenye madoa tunayaona. Basi tangi la kukinga maji ya paa liwe la kunawia mikono, la vyoo na la bustani. Ya kunywa yatafutwe kwingine. Kipindupindu tunakifahamu vizuri mno kudharau maji ya kunawa.

Mvua hiyohiyo inaua somo. Inapogonga bati tupu, mwalimu anaweka chaki chini na darasa zima linatazama juu. Huko Gando, Burkina Faso, msanifu majengo Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika 2001 kwa udongo wa palepale, akaweka dari, kisha bati juu yake likiwa limeinuliwa. Yeye alikuwa akipambana na joto. Sisi dari ingetupa ukimya.

Sisi hatuna udongo kama wake: ardhi yetu ni lava nyeusi inayokata viatu. Jiwe limejaa, ila mpasuaji analipwa na saruji inanunuliwa, hapo mtetezi wa mbao ananishinda. Ningekubaliana naye nusu kwa nusu: jiwe hadi chini ya dirisha, mbao juu. Tangi sikubali kuliacha. Na bustani, tuseme ukweli, itasubiri: kwenye lava ya 2002 hata matembele yanahitaji udongo ubebwe kwa magunia.