Blogger au WordPress? Anza na anwani

Anayetaka kufungua blogu ya Kiswahili hukutana na kambi mbili. Moja humwambia aanze na Blogger kwa sababu ni bure. Nyingine humcheka na kudai kwamba mtu makini hutumia WordPress. Zote zina hoja. Tatizo ni kwamba zinagombania kitu kinachoweza kubadilishwa baadaye, na kupita kimya juu ya kile ambacho ukikikosea siku ya kwanza kitakugharimu wasomaji: anwani, yaani jina ambalo wasomaji huandika au kubofya ili kuifikia blogu yako.

Blogger ilianzishwa na Pyra Labs mwaka 1999, Google ikainunua 2003, na blogu nyingi za mwanzo za Tanzania, ya Issa Michuzi ikiwa mojawapo, zilikulia kwenye blogspot.com, anwani ya bure ambayo Blogger humpa kila mtumiaji. Nguvu zake hazijaisha. Hulipii seva, yaani kompyuta inayoihifadhi blogu na kuionyesha kwa wasomaji. Habari yako ikisambaa ghafla kwenye magrupu ya WhatsApp na maelfu wakaifungua saa hiyohiyo, haizimiki. Hakuna programu ya kusasisha wala hifadhidata ya kulinda, na cheti cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, hutolewa bure hata ukitumia domeini (jina la tovuti la kununua) yako mwenyewe. Ukiitelekeza miezi sita, utaikuta ilipo.

Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinaning'inia kwenye akaunti moja ya Google. Akaunti ikifungiwa, au laini ya simu uliyoisajili kwa uthibitisho ikapotea nawe huna namna nyingine ya kuingia, blogu nayo imekwenda. Na Google huzima huduma zake bila huruma: Google Reader mwaka 2013, Google+ mwaka 2019. Hiyo ya pili iliwagusa wanablogu moja kwa moja, kwani maoni ya wasomaji yaliyoandikwa kupitia Google+ yalifutika pamoja nayo. Halafu kuna templeti, yaani miundo ya mwonekano wa blogu, za bure za mitaani. Nyingi huficha msimbo kwenye kijachini. Ukifuta jina la mtengenezaji, wasomaji wako wanarushwa kwenye tovuti yake.

Kwa upande wa WordPress, wanaoisifu mara nyingi huchanganya vitu viwili. Kuna programu huria iliyotolewa 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, unayoipakua na kuisakinisha kwenye seva unayoilipia. Na kuna WordPress.com, huduma ya kampuni ya Automattic iliyoanza 2005. Mpango wa bure wa huduma hiyo huweka matangazo yao kwenye kurasa zako na haukubali domeini yako. Kwa asiye na bajeti, basi, Blogger inashinda bila mjadala: inakuruhusu kuunganisha domeini yako na kuhariri templeti yote bila kulipa chochote.

WordPress ya kusakinisha mwenyewe ni habari nyingine. Inataka seva yenye PHP (lugha iliyotumika kuiandika) na MySQL au MariaDB (hifadhidata zake), na inakupa ambacho Blogger haina: plagini za kila aina, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, duka, fomu, na ngazi halisi za watumiaji. Blogger inajua msimamizi na mwandishi tu, na mwandishi anachapisha mwenyewe bila kupitiwa. WordPress ina mchangiaji, ambaye anaandika lakini hawezi kuchapisha, na mhariri wa kuipitia kazi yake. Kwa timu ya watu wanne wenye mhariri mmoja, hiyo peke yake inatosha kuamua.

Gharama yake haiishii kwenye bei ya hosti, yaani kampuni inayokukodisha seva, ingawa hata bei hiyo inadanganya: kampuni nyingi hutangaza punguzo la mwaka wa kwanza, na bei ya kuhuisha huwa kubwa zaidi. Kinachowaangusha watu ni matunzo. Plagini isiyosasishwa ndiyo mlango wa kawaida wa wadukuzi. Templeti ya kulipia iliyopatikana bure kwenye Telegram mara nyingi huja na msimbo wa kupenyeza matangazo ya kamari. Nakala za akiba huwekwa kwenye seva ileile, kwa hiyo zinapotea pamoja na tovuti. Na kwenye hosti ya kushirikiana, ambako tovuti nyingi hugawana seva moja, siku habari yako inapovuma ndiyo siku wasomaji wanapokutana na kosa namba 508, yaani umemaliza kiwango chako cha rasilimali. Asiye na saa moja kila wiki ya kazi hizi asijidanganye.

Wapo wanaochagua Blogger wakidhani kwamba seva ikiwa Marekani, sheria ya nyumbani haiwafikii. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wasajiliwe na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000, leseni ya shilingi 1,000,000, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, lakini wajibu uliwekwa juu ya mchapishaji, si mashine. Kwa hiyo kigezo hiki hakiongezi wala kupunguza uzito upande wowote.

Turudi kwenye anwani. Nunua domeini kabla ya posti ya kwanza, hata kama utaanza na Blogger. Isajili kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea tovuti, na kwa barua pepe isiyo ya domeini hiyohiyo. Ukitumia barua pepe ya domeini hiyohiyo, muda wake ukiisha barua za onyo hazitakufikia. Kwenye mipangilio ya DNS, inayoelekeza jina la domeini kwenye seva, weka CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina lingine) ya www kuelekea ghs.google.com, kisha CNAME ya pili ya uthibitisho ambayo Blogger itakupa. Rekodi nne za A, zinazoelekeza jina kwenye namba ya seva, kuanzia 216.239.32.21, hushughulikia anwani isiyo na www. Watu wengi husahau hizo nne, kisha wanashangaa kwa nini blogu inafunguka kwa wengine na kwa wengine haifunguki.

Faida ya kuwa na domeini yako inaonekana siku ya kuhama kutoka Blogger kwenda WordPress. Linki zote ulizosambaza zinabeba jina lako, kwa hiyo unaelekeza domeini kwenye seva mpya na zinaendelea kufanya kazi, mradi muundo wa viungo kwenye WordPress uufanye mwaka, mwezi, kichwa, kisha .html, kama wa Blogger. Angalia vichwa virefu: Blogger hukata maneno inapotunga kiungo, WordPress haikati vilevile, na kiungo kisicholingana kinaangukia kosa 404, yaani ukurasa haukupatikana. Aliyesambaza linki za blogspot.com hana bahati hiyo. Domeini ikishaacha kuelekea Google, Blogger humwonyesha msomaji ukurasa wa onyo kwamba blogu hii haihifadhiwi tena kwao, na wengi huishia hapo.

Baada ya kuhamisha maandishi, kagua picha moja moja zinatoka kwenye seva gani. Zikiwa bado zinasomwa kutoka googleusercontent.com, usiifute blogu ya zamani.