Ukuta wa Ziwani si Jambo la Mwenye Kiwanja Peke Yake

Katika mwambao wa Mwanza, kuanzia Luchelele hadi Kayenze, ukuta wa kuzuia maji umekuwa sehemu ya kawaida ya ujenzi wa nyumba za ufukweni. Mwenye kiwanja akiona mawimbi yanamega uzio wake, humwita fundi, hununua tripu kadhaa za mawe na kifusi, na baada ya muda mfupi ukingo wa ziwa unakuwa umesogezwa. Ninaamini kwamba kazi ya namna hiyo haipaswi kuanza kabla kamati ya mazingira ya mtaa husika haijauona mchoro wake na kuwasikiliza majirani wa pande zote mbili, wala haipaswi kuhesabiwa kuwa imekamilika kabla kamati hiyohiyo haijarudi kuikagua.

Sababu yake imo katika mwenendo wa maji yenyewe. Wimbi linapopanda kwenye mchanga ulioinama taratibu, nguvu yake huishia njiani. Likigonga ukuta uliosimama wima, hurudi nyuma na sehemu kubwa ya nguvu hiyo na kuchimba mchanga ulio chini ya msingi. Pale ukuta unapokoma, maji huzunguka pembeni na kuila ardhi isiyo na kinga. Yeyote anayetembea ufukweni anaweza kuyaona haya katika kona ya mwisho ya ukuta wowote mrefu: ardhi ya jirani imeingia ndani kwa mkato, mizizi ya mwembe inaning'inia hewani, na mtumbwi uliokuwa ukivutwa mchangani sasa umefungwa kwenye kisiki kwa kuwa mchanga wa kuuegeshea haupo tena. Jirani mwenye fedha naye hujenga ukuta wake na kulisukuma tatizo mbele zaidi. Asiye na fedha, ambaye mara nyingi ni mvuvi au mama anayeanika dagaa, hubaki akitazama eneo lake likipungua mwaka hadi mwaka, bila kuulizwa lolote na mtu yeyote.

Si kila sehemu ya mwambao wetu iko hatarini kwa kiwango kimoja. Capri Point ina miamba yake, na miamba hiyo haihitaji msaada wa zege. Maeneo tete ni zile ghuba za mchanga na mafunjo, ambazo ndizo madalali wanazozipenda kwa sababu ni rahisi kuzisawazisha. Mafunjo na matete huvunja nguvu ya mawimbi, hunasa tope linaloshuka na maji ya mvua kutoka vilimani, na hutoa maficho kwa samaki wachanga, sato wakiwamo. Kuyang'oa ili nyumba ipate mandhari ya ziwa, kisha kumlipa fundi ajenge ukuta mahali yalipokuwa, ni hasara ambayo hailipwi na mwenye nyumba peke yake.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya umbali huohuo. Sheria hiyo ya 2004 inatambua pia kamati za mazingira hadi ngazi ya kata, mtaa, kijiji na kitongoji. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lina kazi ya kupitia tathmini za athari kwa mazingira za miradi mikubwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake hapahapa Mwanza. Hata hivyo, ukuta wa mita chache nyuma ya nyumba ya mtu hauonekani kuwa mradi mkubwa, na kuta kumi za namna hiyo zikifuatana hubadilisha ghuba nzima bila hata mmoja kuwahi kufanyiwa tathmini. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na ofisi iliyo mbali. Anayeona tipa la kifusi likiingia ni mwenyekiti wa mtaa.

Suala linalonisumbua zaidi ni mahali pa kuanzia kuzipima hizo mita 60. Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Mwaka 2006 maji yalishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na watu wakalima, wakajenga na kuuziana ardhi iliyoachwa wazi. Mei 2020, kipimo cha kiwango cha maji ya ziwa kilichopo Jinja nchini Uganda kilionyesha mita 13.42, kikiipita kwa kiasi kidogo rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na mwaka 2024 maji yakapanda zaidi ya hapo. Tofauti kati ya kiwango cha 2006 na cha 2020 inakaribia mita 3, na kwenye ufukwe ulioinama kidogo mita hizo 3 za kwenda juu humaanisha makumi ya mita za kwenda nchi kavu. Mpima anayefika wakati ziwa limerudi nyuma na kuanzia pale anapoyakuta maji siku ile, anamuuzia mtu sehemu ya ziwa. Upimaji uanzie mahali maji yalipofika 2020 na 2024, mahali ambapo wazee wa mtaa wanaweza kupaonyesha kwa kidole.

Ninafahamu kwamba wapo wenye hati halali na mikopo ya benki, ambao maji yaliingia sebuleni mwao, na sitarajii wakae wakingoja vikao huku nyumba ikianguka. Viroba vya mchanga viruhusiwe mara moja, kwa muda maalumu unaoandikwa. Kwa kazi ya kudumu, kamati idai mteremko wa mawe yaliyopangwa badala ya ukuta wima, mafunjo yarudishwe mbele yake inapowezekana, na njia ya kufika majini isifungwe kwa watu wa mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kushusha samaki. Nakala ya kibali na mchoro ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa mtaa, ambako mvuvi anaweza kuusoma bila kuomba ruhusa.

Ukaguzi nao uwe na majira yake. Mara nyingi ziwa hufikia kilele chake mwezi Mei au Juni baada ya masika, na upepo mkali wa kusini hufuata katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Kamati ifike wakati huo, ikiwa na picha zilizopigwa kabla ya ujenzi, na ianzie kwenye kiwanja cha jirani.