Kinga ya malaria: ya kuumwa au ya sindano?

Tangu Uganda ianze kuwachanja watoto dhidi ya malaria, Aprili 2025 huko Apac, wilaya ya kaskazini mwa nchi, kuna hoja inayorudi kila mara: sisi tulikua bila sindano hiyo, tukaumwa, tukapona, na leo malaria ikitupata ni homa ya siku mbili. Kwa nini mtoto naye asiachwe ajijengee kinga?

Hoja hiyo isibezwe, maana nusu yake ni kweli. Mtu mzima aliyekulia Lango au Acholi, huko huko kaskazini, anaweza kuwa na vimelea damuni na asiumwe hata kichwa. Kimelea cha malaria hubadili sura, na kila alipougua mwili wake ulitengeneza kingamwili za kuitambua sura nyingine. Mtoto mchanga naye huanza maisha na kingamwili za mama yake, zilizompitia kwenye kondo la nyuma. Kuna hata ulinzi wa kuzaliwa nao: aliyerithi selimundu, hitilafu ya chembe nyekundu za damu, kwa mzazi mmoja tu huwa na nafuu kubwa dhidi ya malaria kali.

Sasa tuitazame bei yake. Utafiti uliofanyika Apac mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Kingamwili za mama huisha ndani ya miezi michache, na kinga ya mtoto mwenyewe huchukua miaka kukomaa. Katika pengo hilo ndipo tunapozika watoto. Wanaosema "tuliumwa tukapona" ni wale waliobaki. Wenzao hawapo kutoa ushahidi. Na kinga yenyewe hupungua mtu akihamia kusiko na malaria. Nyanda za juu za Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, ambako watu hawaizoei, mlipuko ukitokea huwaangusha hata watu wazima.

Chanjo inayotumika Uganda, R21, inayotolewa katika miezi ya 6, 7, 8 na 18, hufanya kazi mahali pengine: huufundisha mwili kumkamata kimelea kabla hajaingia kwenye ini. Kinga ya kuugua hupambana naye zaidi akishafika damuni. Ni njia mbili tofauti. Katika majaribio, chanjo ilipunguza ugonjwa kwa takriban robo tatu katika mwaka wa kwanza pale ilipotolewa kabla ya msimu wa malaria, kisha nguvu ikashuka. Chandarua bado kinahitajika.

Pingamizi zito kuliko lile la mtaani ni hili: mtoto akikingwa sana mapema, kinga yake ya damuni inaweza kuchelewa. Kaskazini mwa Uganda, upuliziaji wa dawa ya mbu kwenye kuta za nyumba ulisimamishwa mwaka 2014 katika wilaya 10, na mwaka uliofuata malaria ikarudi kwa kishindo. Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema kwamba upuliziaji uliwapunguzia watu kinga, na ni bora tusingeanza. Mimi nasoma kinyume: kosa lilikuwa kuacha.

Ndiyo maana dozi ya nne inanitia wasiwasi kuliko zote. Kati ya mwezi wa 8 na wa 18 ni muda mrefu, na mzazi ambaye mtoto wake hajaugua tangu achanjwe ndiye mwenye sababu ndogo ya kurudi kliniki. Wahudumu wa afya wa vijiji wapewe majina ya watoto hao, wapite nyumba kwa nyumba kabla mwezi wa 18 haujafika.