Taifodi ya Kikaratasi

Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, alirudi kutoka maabara ya mtaani na kikaratasi: "O 1:160, H 1:80". Chini yake wameandika taifodi, na sindano tano. Mwaka huu ni mara yake ya tatu kuambiwa hivyo. Mimi siamini.

Kipimo hicho, Widal, kipo tangu 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi, yaani homa ya matumbo, mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili uliwaunda kumpiga vita; zile O na H ni aina zao mbili, na namba ni kiwango chao. Damu huchanganywa na dawa ya maabara, na ikifanya chembechembe unaambiwa unaugua. Lakini askari hao hubaki damuni miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha, na bakteria wengine wa jamii yake, Salmonella, huwazusha vilevile. Katika jiji ambalo wengi tumekunywa maji machafu, hata mzima wa afya anaweza kutoka pale na taifodi mkononi.

Hata hivyo sithubutu kuwalaumu wahudumu tu. Taifodi ipo Nairobi: utafiti wa Kibera uliochapishwa 2012 uliikuta kwa wingi, hasa kwa watoto. Ukiiacha bila tiba inaweza kutoboa utumbo. Kuotesha damu maabarani ili bakteria mwenyewe aonekane, ambacho ndicho kipimo cha kuaminika zaidi, huchukua siku kadhaa, ni ghali, na bado huwakosa wagonjwa wengi. Anayelipwa kwa siku atangoja na nini? Daktari aliye na mtoto anayechemka mbele yake naye ana haki ya kuogopa.

Kinachonielemea upande wa pili ni dawa. Tangu miaka ya 1990 taifodi ya jiji hili imezoea kuzishinda kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli, dawa zile zile za bei nafuu. Sindano tunazodungwa leo ni katika akiba iliyobaki, nasi tunaimwaga kwa watu wasio na ugonjwa. Chanjo ya taifodi iliyoanza kutolewa nchini Julai 2025, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, itapunguza wagonjwa wa kweli. Haitaizuia Widal kusema uongo.

Na homa yenyewe huwa ina chanzo chake. Nilimuuliza jirani kama alikuwa amesafiri. Alikuwa ametoka mazishini Siaya, wiki mbili zilizopita, kwenye mbu ambao sisi wa nyanda za juu hatuwajui sana. Hakuna aliyekuwa amemtoboa kidole kumpima malaria. Tulitoka naye jioni ile ile.